Pigo la leza lililookoa mapanga ya B-1B

Kila Mei 16 dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Mwanga, kwa kuwa tarehe hiyo mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza katika maabara ya Hughes, Malibu, California. Siku hiyo tunasikia habari za upasuaji wa macho na nyaya za intaneti. Wataalamu wa metali hawatajwi, na kwa maoni yangu huko ni kuwanyima haki yao.

Mhunzi hupasha jembe moto hadi liwe jekundu, kisha hulitumbukiza majini ili liwe gumu. Leza hufanya kazi hiyo bila maji. Hupasha ngozi tu ya chuma cha pua au cha kawaida chenye kaboni ya kutosha, na chuma baridi kilicho chini yake hunyonya joto lile papo hapo. Miaka ya 1970 General Motors ilikuwa tayari ikigumisha hivyo makasha ya gia za usukani huko Saginaw, Michigan.

Aloi za titaniamu hazipati ugumu mwingi kwa njia hiyo. Dawa yake ilipatikana miaka hiyohiyo katika taasisi ya Battelle, Columbus, Ohio. Metali hupakwa rangi nyeusi, maji hutiririshwa juu yake, kisha leza hupiga kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Rangi hulipuka kuwa mvuke, maji huuzuia usitoroke, na kishindo chake huzama ndani ya metali. Ngozi hugandamizwa hadi kina cha milimita moja au zaidi, na ufa hupata shida kufunguka.

Ugunduzi huo ulikaa maabara takriban miaka 20. Leza yake ilikuwa kubwa na ya polepole mno kwa kazi ya kiwanda.

Kilichoutoa huko ni dhiki ya Jeshi la Anga la Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mapanga ya titaniamu ya feni za injini F101, zinazoendesha ndege za kivita za B-1B, yalikuwa yakivunjika. Kokoto na vipande vya barafu vilivyofyonzwa viliacha mikwaruzo midogo kwenye makali, na mkwaruzo mmoja ulitosha kuzaa ufa. Kumbukumbu za jeshi hilo zinaeleza jinsi mafundi walivyolazimika kukagua kila panga kabla ya ndege kuruka, wakipitisha pamba, glovu za pamba, hata uzi wa kusafishia meno kwenye makali. Nyuzi ziliponasa, panga hilo lilibadilishwa. Ndege ya vita ya mamilioni ya dola ilisubiri ruhusa ya kipande cha pamba!

Hapo ndipo kazi ya Battelle ilipokumbukwa. Mapanga yaliyopigwa leza kisha yakatiwa jeraha kwa makusudi yalistahimili karibu sawa na yale mazima. Mwaka 1997 General Electric ilianza kuyatibu kiwandani, na baadaye mbinu hiyo ikaingia kwenye injini za ndege za abiria.

Walimu wa ufundi, Mei 16 ijayo wasimulieni wanafunzi wenu habari za pamba ile na mapanga yale. Wapeni pia kipande cha chuma na tupa, wapime ugumu kwa mikono yao.