Msafara Uliotoka Mikindani

Mwezi wa Machi 1866 manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin iliufikia mlango wa mto Ruvuma, na ilipobainika kwamba mikoko na matope havikuruhusu wanyama kuteremshwa, ikageuza omo kuelekea kaskazini, hata Dokta Livingstone akashuka na watu wake katika ghuba ya Mikindani. Walikuwamo askari 13 wa Kihindi kutoka Bombay, watu 10 wa Nzwani, vijana 9 waliosomeshwa Nasik, Bara Hindi, na wachache waliomjua tangu safari yake ya Zambezi, miongoni mwao Susi wa Shupanga na Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Walikuwapo pia ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda, kwa kuwa Dokta alitaka kujua kama wangeistahimili mbung'o.

Kila fungu lilikuwa na lugha yake na mkuu wake, na hapo ndipo ilipoanzia ila ya msafara ule. Wamakonde walioajiriwa na mashoka yao kuwafyekea ngamia njia walifanya kazi kwa bidii na bashasha, maana walijua wanatakiwa nini na watalipwa nini. Ama askari, ambao amri ziliwafikia kwa kinywa cha mkuu wao, walisalia nyuma siku baada ya siku, wakiwapiga wanyama na kuwatwisha kupita kiasi, ilhali Dokta ametangulia kutafuta chakula katika nchi yenye njaa; nami naona kwamba huruma yake, ijapokuwa nyingi, haikuweza kuwafikia watu asiokuwa nao njiani. Mwezi wa Julai, kwa Mataka, chifu wa Wayao, Dokta aliwarudisha askari hao pwani. Septemba watu wa Nzwani wakamtoroka kwa khofu ya Mazitu, yaani wavamizi wa Kingoni, khofu ambayo, tuseme kwa insafu, haikuwa ya bure. Na Musa, mkuu wao, akaja Unguja na habari ya uwongo kwamba Livingstone ameuawa.

Ama Chuma na Susi walibaki. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, wawili hao hawakujitwalia ukubwa wala hawakuficha jambo: waliwakusanya wenzao wote, wakawaarifu msiba, wakayafungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya kila mtu ili amana iwe ya wote, na mwenzao Jacob Wainwright akaandika orodha ya vilivyomo. Ndipo wenzao, kwa hiari yao, wakawaambia kwamba wao ni wakongwe wa safari na taabu, basi wawe wakuu wao, nao watawatii. Kwa ahadi hiyo, pasipo bwana wa kuwalipa wala askari wa kuwalazimisha, walichukua maiti kwa miezi tisa, katika maradhi na vita, mpaka Bagamoyo, Februari 1874.

Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Kiingereza alipotaka kuwapeleka watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kwenda bara, alimpa Chuma uongozi wa msafara. Wakapita Lindi, na makazi yao yakawa Masasi. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882.

Mikindani ingali na nyumba inayosemekana kuwa Livingstone alikaa hapo. Nawasihi walimu wa pwani yetu, wanapowapeleka watoto kuitazama, wawatajie Chuma na Susi pia, na wawasimulie habari ya yale masanduku yaliyofunguliwa mbele ya watu wote.