Gari la Kale la Kimarekani: Uasilia Ukitoka Haurudi

Magari ya fahari ya Kimarekani ya kati ya miaka ya 1930 na 1960 wengi wetu tumeyaona kwenye sinema tu: marefu kama mashua, kromi mbele na nyuma, na mapezi yaliyochongoka kama ya papa. Lakini watu wetu wametawanyika. Wako walio Marekani, wako walio Dubai, Sharjah na Kuwait, na huko magari haya huuzwa na kununuliwa. Mwenye akiba yake akienda kutazama moja, macho yake hutua kwanza kwenye mng'ao wa rangi. Hapo ndipo watu wanapoliwa pesa zao.

Kinachopimwa kwanza na wajuzi wa magari haya ni uasilia, yaani ni kiasi gani cha gari lile bado ni kile kile kilichotoka kiwandani. Rangi mpya yaweza kupigwa mara kumi. Rangi ya kwanza ikishakwanguliwa, hakuna fundi wa kuirudisha. Makala haya yanaeleza uasilia ni nini, unakaguliwa vipi, na mwenye gari afanye nini asije akaupoteza.

Magari yanayozungumzwa

Jina linalotangulia ni Cadillac. Kampuni hiyo ilianzishwa Detroit mwaka 1902 na ikanunuliwa na General Motors mwaka 1909. Gari lake la 1912 lilikuja na stata ya umeme, madereva wakapumzika kuzungusha hendeli kwa mkono. Mapezi ya nyuma yalianza kwenye gari la 1948, yakiiga umbo la ndege ya kivita P-38, na yakafikia kimo chake kikubwa kabisa mwaka 1959.

Lincoln ilianzishwa mwaka 1917 na Henry Leland, mzee yule yule aliyekuwa mwanzoni mwa Cadillac, na Ford wakainunua mwaka 1922. Gari lake linalotafutwa sana ni Continental ya 1961, ambayo milango yake ya nyuma ina bawaba upande wa nyuma, hivyo mlango wa mbele na wa nyuma hufunguka kama makabati mawili yanayotazamana. Packard ilikuwa gari la matajiri kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na jina lake likazikwa mwaka 1958. Chrysler nao walikuwa na Imperial.

Juu ya yote yuko Duesenberg wa Indiana. Mwezi wa Agosti 2018, Duesenberg SSJ ya 1935, moja kati ya 2 tu zilizotengenezwa, iliuzwa mnadani California kwa dola milioni 22. Bei hiyo isitupe wazimu. Hayo ni magari ya mabilionea, lakini kanuni inayoyapandisha thamani ndiyo inayotumika kwa Cadillac ya mtu wa kawaida.

Madaraja 4 ya gari la kale

Muuzaji akikwambia gari lake ni "safi", muulize ni safi la daraja gani.

La kwanza ni gari lililohifadhiwa: rangi, viti, injini na vioo ni vile vya awali, hata kama vimechakaa. La pili ni lililokarabatiwa kwa usahihi, yaani lilivunjwa likaundwa upya kwa kufuata kumbukumbu za kiwanda, na kila kilichofanywa kiliandikwa. La tatu ni lililopambwa: rangi ya kuvutia ambayo kiwanda hakikuitumia, ngozi ya viti kwa kubahatisha, na puti imejaa chini ya bati. La nne ni lililobadilishwa, lenye injini ya gari jingine au bodi iliyokatwa.

Daraja hili la nne si lazima liwe aibu. Kule Havana, Cuba, baada ya vikwazo vya Marekani kukata spea mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu waliyafanya magari yao ya Kimarekani yaendelee kwa injini za dizeli na vipuri vya Kirusi. Walihitaji usafiri, na ufundi wao ni wa kusifiwa. Lakini hilo ni gari la kazi, na mtu asiuziwe kama gari la asili.

Kwa miaka mingi kwenye maonyesho gari lililong'aa kuliko lilivyotoka kiwandani ndilo lililobeba zawadi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Siku hizi mambo yamegeuka. Maonyesho ya Pebble Beach huko California yana kundi maalumu la magari yaliyohifadhiwa bila kukarabatiwa, na chama cha AACA, kilichoundwa Marekani mwaka 1935, kina tuzo kwa magari yaliyobakiza sehemu zake za awali. Mwaka 2012, FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilipitisha Mkataba wa Turin, ambao unatanguliza kuhifadhi kabla ya kukarabati.

Sababu yake ni nyepesi. Gari lisiloguswa ni ushahidi. Linaonyesha rangi ilipigwa tabaka ngapi, mshono wa kiti ulipita wapi, nati gani iliachwa bila rangi. Ni kama mlango wa nakshi wa Lamu. Ukiukwangua kwa msasa na kuupaka vanishi utang'aa, lakini alama ya patasi ya fundi aliyeuchonga imekwenda na vumbi la mbao.

Mfano wa kwanza: Eldorado ya 1959

Mwaka huo Cadillac iliuza magari mawili ya paa la kukunja yanayofanana sana. La kawaida, Series 62, liliuzwa dola 5,455 na yakatengenezwa 11,130. La fahari, Eldorado Biarritz, liliuzwa dola 7,401 na yakatengenezwa 1,320 tu. Yote mawili yana mapezi yale yale na injini ya lita 6.4. Tofauti ni kwamba Series 62 ina kabureta 1 na nguvu za farasi 325, na Biarritz ina kabureta 3 na nguvu za farasi 345, pamoja na mkanda mpana wa kromi ubavuni.

Kwa kuwa Biarritz ni adimu na bei yake leo iko mbali sana na ya ndugu yake, kuna wanaochukua Series 62, wakaifunga kabureta 3 na mikanda ya kromi, kisha wakaiita Biarritz. Kwa macho huwezi kuitambua. Namba ndiyo inayosema kweli. Namba ya Biarritz ya mwaka huo huanza na 59E, na ya Series 62 ya paa la kukunja huanza na 59F. Halafu kuna kibati cha bodi ndani ya boneti, kilichowekwa na Fisher Body waliotengeneza bodi za General Motors. Kwenye Biarritz kinasoma 6467E, na kwenye Series 62 kinasoma 6267F. Herufi moja inatenganisha pesa nyingi mno.

Mfano wa pili: Eldorado Brougham

Brougham ya 1957 na 1958 ilitengenezwa 704 tu. Bei yake ilikuwa dola 13,074, paa lake ni la chuma kisichoshika kutu, na ndani ilikuja na vikombe vya chuma vyenye sumaku, chupa ya manukato ya Lanvin na vifaa vya kujipambia vya bibi. Leo gari likikosa vitu hivyo, mnunuzi huuliza viko wapi, kwa sababu kuvitafuta kimoja kimoja ni kazi ya miaka.

Jambo zito zaidi liko chini. Badala ya springi, gari hili lilikalia baluni za mpira zilizojazwa upepo na kompresa. Baluni hizo zilivuja, asubuhi gari likakutwa limelala chini. Wenye magari wengi walichoka, wakazing'oa na kufunga springi za kawaida. Kwa aliyetaka kufika kazini ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini leo Brougham iliyobakia na mfumo wake wa upepo ina hadhi ambayo ile ya springi haina. Na kati ya waliobadilisha, aliyevihifadhi vifaa vya awali stoo anaweza kuvirudisha. Aliyevitupa, habari yake imeisha.

Kukagua kabla ya kutoa pesa

1. Linganisha namba. Kwenye Cadillac za miaka ya 1950 namba ya gari imegongwa pia kwenye bloku ya injini. Zisipolingana na hati ya umiliki, injini imebadilishwa au kuna jambo kubwa zaidi.

2. Soma kibati cha bodi. Kina alama ya rangi na ya viti. Kama kibati kinasema gari lilitoka jeusi na mbele yako ni jekundu, limepigwa rangi upya.

3. Tazama mahali fundi mvivu hafiki: chini ya kapeti, ndani ya buti, nyuma ya dashbodi, kwenye kingo za milango. Rangi ya kwanza hubakia huko.

4. Pitisha sumaku iliyofunikwa kitambaa kwenye bati la chuma. Penye puti nene haishiki.

5. Uliza gari limeishi wapi. Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa chumvi inafanya nini kwenye bati. Huko Michigan chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na magari yanaoza kutoka chini. Ya Arizona huwa na bati zima, ila jua limekula viti na dashbodi.

6. Dai makaratasi: risiti, picha za zamani, kijitabu cha gari. Kumbukumbu za kiwanda za Cadillac zimehifadhiwa, na mwenye gari anaweza kuomba nakala inayoonyesha gari lake lilitoka vipi.

Kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

Uasilia haumaanishi kuhatarisha roho. Tairi, mipira ya breki, mikanda na mabomba ya mafuta huzeeka, na lazima vibadilishwe. Magari mengi ya miaka ya 1950 yana breki za njia moja: bomba likipasuka, magurudumu yote 4 yanakosa breki. Kufunga mfumo wa njia mbili ni jambo la akili.

Kanuni ni tatu. Usitoboe wala kukata kisichohitaji, ili kilichofungwa kiweze kufunguliwa. Kila kilichotolewa kihifadhiwe na kiandikwe. Na kabla ya kupiga rangi, jaribu kwanza kuosha na kung'arisha taratibu, kwa maana rangi iliyofifia bado ni ya asili.

Kwa wanaotaka kulileta nyumbani

Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na usukani sharti uwe kulia, isipokuwa kwa magari machache ya kazi maalumu. Magari haya usukani wake uko kushoto. Asikudanganye wakala kwamba "litahamishwa tu". Kuhamisha usukani ni kukata dashbodi na ukuta wa injini, na hapo uasilia umekwisha. Uliza mamlaka husika kabla ya kulipa hata shilingi. Kwa walio Ghuba ni nafuu kulimiliki huko huko, na Sharjah kuna makumbusho ya magari ya kale ambako jicho linaweza kujifunza bila gharama kubwa.

Tuliosoma madrasa tunalijua neno ghushi. Kuliita la asili gari lililopambwa, au kuigeuza 59F kuwa 59E kwa maneno, ni ghushi, hata mnunuzi akiwa tajiri wa Texas asiyekujua. Anayeuza aeleze aibu ya gari lake waziwazi, na anayenunua aandikiwe kwenye karatasi kila kilichobadilishwa. Magari haya yameshawazika wamiliki wake wa kwanza, na inshallah yatatuzika na sisi. Atakayefuata ana haki ya kukuta gari pamoja na habari zake za kweli.