Mtihani wa darasa la saba: kutoka kugawa nafasi hadi kupima shule

Matokeo ya darasa la saba Tanzania ya mwaka 2012 yalikuja na hesabu mbili ambazo wazazi wengi walishindwa kuzioanisha. Kati ya watahiniwa wapatao 865,000, waliofikisha alama 100 kati ya 250 walikuwa kama asilimia 31 tu. Hata hivyo, waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza katika shule za serikali walizidi 560,000, yaani karibu theluthi mbili. Maelfu kwa maelfu walikuwa wamefeli na kuchaguliwa kwa mkupuo mmoja.

Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Aliyeijua historia ya mtihani huu hakuwa na cha kushangaa. Haukuanzishwa ili kujua mtoto kajifunza nini, bali ili kugawa nafasi za sekondari, na siku zote wingi wa nafasi ndio ulioamua nani apite.

Enzi za Mwingereza mchujo ulianza mapema. Mtoto wa Kiafrika alipimwa darasa la nne, na aliyepona hapo alikwenda shule ya kati hadi darasa la nane, akachujwa tena. Shule zenyewe zilitengwa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Waasia mbali, za Waafrika mbali, mpaka zilipounganishwa Januari 1962. Baada ya Uhuru darasa la nane liliondolewa hatua kwa hatua, elimu ya msingi ikawa ya miaka saba, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchujo wa darasa la nne nao ukafutwa. Kazi yote ya kuchuja ikaangukia darasa la saba.

Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alieleza kuwa watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, na kwamba wale 87 waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Alitaka mtihani upunguziwe hadhi na shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha yake, si kwa kidato cha kwanza. Mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, huku sekondari ikibaki kwa Kiingereza. Ndiyo maana hadi leo mtoto wa shule ya serikali anajibu maswali ya sayansi kwa Kiswahili mwezi Septemba, kisha Januari anafunguliwa kitabu cha baiolojia kwa lugha nyingine.

Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuunda Baraza lake kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma likaagiza watoto wote wapelekwe shule ya msingi ifikapo 1977. Madarasa yalifurika, lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila wahitimu 100 wa darasa la saba hawakufika watano waliopata sekondari ya serikali. Mikoa iligawiwa nafasi kwa mafungu, kwa hiyo alama iliyompeleka mtoto sekondari katika mkoa mmoja ingeweza kumbakiza nyumbani katika mkoa mwingine. Wazazi wa Kilimanjaro na Kagera walijichanga wakajenga sekondari zao. Wengine walitafuta njia ya panya: kwa kuwa kurudia darasa kulikatazwa, mtoto alihamishiwa kwa mjomba wilaya nyingine na kuandikishwa darasa la sita kwa jina la mwanafunzi aliyeacha shule. Wapo Watanzania waliozeeka na majina hayo ya kuazima.

Hali iligeuka baada ya mwaka 2000. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na kuanzia 2004 mpango wa maendeleo ya sekondari ukazaa shule za kata. Sasa nafasi zilikuwa nyingi kuliko watoto walioiva kuzijaza. Utafiti wa taasisi ya Uwezo wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mmoja kati ya watano wanaomaliza shule ya msingi hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba maelfu ya walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Hapo ndipo umma ulipoanza kuudai mtihani kazi ambayo haukupewa tangu mwanzo: utuambie shule inafundisha au haifundishi.

Mwaka huohuo usahihishaji ukahamia kwenye mashine. Mtahiniwa alipewa fomu maalumu na kutakiwa kutumia penseli ya HB kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu. Akikosea, afute pasibaki alama. Hata Hisabati yote ilikuwa ya kuchagua jibu, na mkokotoo uliishia kwenye karatasi isiyosahihishwa. Mtoto angeweza kumaliza mtihani bila kuandika sentensi hata moja. Baadaye yakarudishwa maswali machache ya kuandika majibu.

Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikapangwa kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kulingana na ufaulu. Ufaulu ukapanda kwa kasi: asilimia 51 mwaka 2013, 70 mwaka 2016, zaidi ya 81 mwaka 2019. Yakaja pia mambo yanayofuatana na upangaji wa namna hiyo. Darasa la saba likawa la mitihani ya majaribio ya kata, wilaya na mkoa, kambi za kitaaluma na masomo ya jioni, na mwalimu mkuu wa shule ya mwisho akaitwa kujieleza. Mwaka 2018 mtihani ulivuja. Baraza lilifuta matokeo ya shule zote za wilaya ya Chemba, Dodoma, na ya shule kadhaa kwingineko, na watoto wakarudia mtihani Oktoba kwa makosa ya watu wazima.

Orodha ya shule kumi bora nayo ilitawaliwa na shule binafsi zenye mabweni, zikilinganishwa na shule za vijijini ambako watoto hubanana darasani. Januari 2023 Baraza lilitangaza kwamba halitazitaja tena.

Sasa mtihani wenyewe unaelekea ukingoni. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho.

Ni hatua ambayo Nyerere angeipokea kwa mikono miwili, kwa sharti moja. Mchujo ukiondoka, kazi ya kumwambia mzazi ukweli inabaki kwa vipimo vya madarasa ya chini, hasa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Vipimo hivyo vikiishia kuwa takwimu za ofisi ya wilaya bila mtoto aliyebaki nyuma kufundishwa upya, asiyejua kusoma hatagunduliwa tena kidato cha kwanza. Atagunduliwa kidato cha nne, akiwa amekalia dawati miaka kumi.