Mipaka ya aina za mimea: toka bustani ya Linnaeus mpaka kahawa yetu

Siku moja baada ya Misa mkatekista mmoja mwenye shamba la kahawa alinijia na swali. Agronomi alikuwa amewaonyesha miche iliyotokana na kahawa mbili za aina mbalimbali zilizochanganywa. «Padri, Kitabu cha Mwanzo kinasema kila mmea uliumbwa kwa aina yake. Basi kupanda miche ile si kuharibu kazi ya Mungu?»

Sikumcheka. Swali lake liliwasumbua watu wenye elimu kubwa kutupita sisi. Tena sisi tuliosoma seminari kubwa tuna shida moja zaidi. Katika falsafa tulifundishwa neno species, yaani asili ya kitu isiyopungua wala kuongezeka, na kwa urahisi tunadhani kwamba species ya wenye elimu ya mimea ni kitu kilekile. Afadhali tutazame mambo yalivyokwenda.

Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa kitabu chake Systema Naturae katika mwaka 1735. Humo alisema wazi kwamba siku hizi hakuna aina mpya inayozaliwa: aina zote ni zile zilizoumbwa mwanzoni. Mimea aliipanga kwa kuhesabu viungo vya kiume na vya kike ndani ya ua. Johann Siegesbeck, mwenye elimu ya mimea huko Petersburg, alichukizwa sana. Aliona Mungu hawezi kuruhusu uzinzi wa namna hiyo katika maua. Ndiyo kusema, wakati ule hata jinsia ya maua ilikuwa bado jambo la ugomvi.

Katika mwaka 1742 mwanafunzi mmoja aliokota mmea wa ajabu, majani yake sawa na ya Linaria lakini ua lake la umbo lingine kabisa. Linnaeus aliuita Peloria, akadhani ni mtoto wa mimea miwili ya aina mbalimbali. Alikosea: haukuwa chotara. Lakini kosa lile lilimfungua macho. Baadaye, katika bustani yake ya Uppsala, alitwaa Tragopogon mbili, moja ya maua ya njano, nyingine ya maua ya zambarau. Asubuhi alipangusa unga wa ua la njano, akalinyunyizia unga wa ua la zambarau, akalifunga uzi ili asilisahau. Mbegu zikaota, na katika mwaka 1759 zikatoa maua ya zambarau yenye njano chini. Mbegu za maua hayo alizipeleka Petersburg pamoja na maandiko yake, na Akademia ikampa zawadi katika mwaka 1760. Miaka miwili baadaye alithubutu kuandika kwamba pengine Mungu aliumba mimea michache tu mwanzoni, na mingine yote ikatokea kwa kuchanganyika. Mtu yuleyule wa 1735! Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa majina yote aliyoyatunga.

Lakini huko huko Petersburg alikuwako Mjerumani, Joseph Koelreuter, ambaye hakusadiki upesi. Yeye alichanganya tumbako mbili, Nicotiana rustica na Nicotiana paniculata. Katika mwaka 1761 chotara zake zilichanua vizuri, zikiwa katikati ya mama na baba, ila unga wao ulikuwa bure: hazikuweza kuzaa zenyewe kwa zenyewe. Alifurahi, akauita mmea ule nyumbu, sawa na mtoto wa punda na farasi. Kwake utasa ule ulikuwa ukuta unaozuia viumbe visivurugike. Kumbe ukuta wenyewe ulikuwa na ufa. Alipowapa chotara wale unga wa paniculata, walitoa mbegu chache. Akaendelea hivyo kizazi kwa kizazi, mpaka watoto wakafanana na paniculata tu.

Mwenzetu padri Gregor Mendel wa Brno twamjua kwa mbaazi zake, alizozieleza katika mwaka 1865. Wachache wanajua taabu aliyoipata baadaye na Hieracium, mmea wa Ulaya wenye viua vidogo mno. Alivifanyia kazi hata macho yakamwuma. Chotara zake hazikufuata mbaazi: watoto walifanana wote na mama yao. Alikufa katika mwaka 1884 bila kujua sababu. Katika mwaka 1903 Wadani wawili, Ostenfeld na Raunkiaer, walikata kwa wembe vichwa vya maua yale kabla hayajafunguka, viungo vya kiume na ncha za vile vya kike vikaondoka, na mbegu zikatokea vilevile! Mmea ule huzaa bila baba. Kila chotara hujirudia yenyewe daima, na hata leo wenye elimu hawapatani kama Hieracium zina aina mamia au maelfu.

Turudi kwenye kahawa. Linnaeus aliipa jina Coffea arabica katika mwaka 1753, maana Ulaya iliipata kutoka Uarabuni. Kwao hasa ni Ethiopia. Aliihesabu kuwa aina moja kama nyingine zote. Lakini ndugu zake wana kromosomu 22, nayo ina 44. Mwishoni mwa karne ya 20 uchunguzi ulionyesha kwamba arabica ni mtoto wa kahawa mbili: canephora, ambayo sisi twaiita robusta, na eugenioides. Zote mbili ni wenyeji wa misitu ya Kongo pia. Kwa kawaida chotara ya namna hiyo ni tasa kama nyumbu wa Koelreuter, maana kromosomu za mama na za baba hazipati wenzi. Zikijidufisha mara mbili, kila moja hupata mwenziwe, na mbegu huwa nzima. Ndivyo arabica ilivyopata kuzaa, miaka mamia ya maelfu iliyopita, kabla hajawako mkulima wa kuichanganya.

Na jambo lile halikukoma. Kule kisiwani Timor, katika mwaka 1927, ulionekana mkahawa mmoja uliotokea wenyewe shambani, mtoto wa arabica na robusta, usioshikwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Kwa kuuchanganya na arabica fupi iitwayo Caturra walipata Catimor, na ndiyo miche ile ya agronomi.

Nilimwambia mkatekista kwamba arabica aliyotaka kuilinda ni chotara tayari, tangu mwanzo wake. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama Catimor inahitaji kivuli.