Ushauri nasaha kwa vijana waraibu wa dawa za hospitali

Ushauri nasaha huu ni mazungumzo ya kitabibu na kijana aliyeshindwa kuacha dawa za cheti, hasa tramadoli ya maumivu na diazepamu ya usingizi. Katika bonde la Kilombero, Tanzania, anayehitaji daktari hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Anayetoka Ulanga hategemei tena kivuko, kwani Daraja la Kilombero lilizinduliwa 2018.

Mshauri mzuri haanzi na mawaidha. Humwomba kijana amwage mezani karatasi za vidonge, wazihesabu pamoja, kisha humuuliza: "Ukikosa, mwili unakuambiaje?" Hapo ndipo hadithi ya arosto hutoka: jasho, mifupa kuuma, usiku bila usingizi. Kumwita teja ni kumfukuza. Njia hii ya kuuliza badala ya kukemea ilielezwa na Mmarekani William Miller mwaka 1983.

Diazepamu iliyozoeleka haikatwi ghafla, kwani mgonjwa anaweza kupata degedege. Daktari hupunguza dozi taratibu, na mara nyingi mama ndiye hutunza pakiti. Dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili 2011, ni ya waraibu wa dawa za jamii ya afyuni kama heroini; haitibu uraibu wa diazepamu.