Mazungumzo ya Wabelgiji juu ya Kifo cha Kuombwa (1997–2002)

Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 28 Mei 2002, inayomruhusu mganga kuukatiza uhai wa mgonjwa aliyeomba hivyo, husimuliwa mara nyingi kama tunda la uchaguzi mmoja. Simulizi hilo lina ukweli wake. Baada ya uchaguzi wa Juni 1999, uliotikiswa na kashfa ya sumu ya dioksini katika kuku na mayai, vyama vya Kikristo vilitoka serikalini kwa mara ya kwanza tangu 1958, na muungano wa waliberali, wasoshalisti na watetezi wa mazingira ukashika hatamu chini ya Guy Verhofstadt. Hata hivyo, anayeanzia hapo huiruka miaka miwili iliyotayarisha njia.

Tarehe 12 Mei 1997 Kamati ya Ushauri ya Maadili ya Uhai ilitoa maoni yake ya kwanza kabisa, nayo yalihusu jambo hili. Wajumbe hawakukubaliana, wala hawakujifanya kukubaliana. Waliandika misimamo minne, kutoka kuondoa adhabu hadi kudumisha katazo. Katikati walikuwapo waliotaka mganga achunguzwe baada ya tendo, na waliotaka ashauriane na wengine kabla ya kutenda. Lakini waliafikiana juu ya maana ya neno lenyewe. Eutanasia, walisema, ni tendo la makusudi, linalofanywa na mtu mwingine, la kuukatiza uhai wa mtu kwa ombi lake mwenyewe. Pasipo ombi, neno halitumiki. Kusitisha matibabu yasiyofaa tena ni jambo jingine. Maana hiyo ndiyo iliyoingia katika kifungu cha 2 cha sheria.

Mwanafunzi wa lugha atautambua uzito wa hatua hiyo. Katika Kiswahili, "kuua kwa huruma" hutanguliza moyo wa mwuaji na kulinyamazia ombi la mgonjwa. "Kusaidiwa kufa" hulifunika tendo la mganga kwa neno la upole. Hata "kifo cha kuombwa", kinachotumika hapa, kina kasoro, kwani wagonjwa wengi humwomba Mungu awachukue bila kumtaka mganga afanye lolote. Watu wanaojadiliana kwa neno lisilopimwa hujibizana juu ya mambo mawili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ni mkatili.

Senati iliyajadili maoni hayo mnamo Desemba 1997. Tarehe 20 Desemba 1999 maseneta sita wa vyama vilivyotawala wakatoa mswada, na mwaka 2000 kamati za Senati zikawasikiliza hadharani waganga, wauguzi na wanasheria. Wapinzani walidai kwamba mgonjwa aelezwe kwanza na wajuzi wa tiba ya kutuliza maumivu. Sharti hilo halikupita jinsi walivyotaka, ingawa sheria ya pekee juu ya tiba hiyo ilifuata tarehe 14 Juni 2002. Senati ilipiga kura 44 kwa 23 mnamo Oktoba 2001, Baraza la Wawakilishi 86 kwa 51 mnamo Mei 2002. Kanuni ya adhabu yenyewe haikuguswa.

Mazungumzo hayakufika sawa kila mahali. Mwaka 2003 zilipokelewa taarifa 235, nyingi mno zikiwa za Kiholanzi. Mwaka 2023 zilifika 3423, na Kiholanzi bado kilitangulia. Waliochagua njia hiyo ni pamoja na mwandishi Hugo Claus, mwaka 2008, na Christian de Duve, mwaka 2013, mtaalamu wa Leuven, chuo kilichozaa Lovanium ya Kinshasa. Kongo, iliyorithi sehemu kubwa ya sheria zake kwa Ubelgiji, haikuirithi hii.

Mwaka 2014 ruhusa ilipanuliwa hadi kwa watoto wenye uwezo wa kupambanua. Tarehe 4 Oktoba 2022 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikuona kosa katika masharti yanayotangulia tendo, ila katika uchunguzi unaolifuata: mganga aliyetenda alikuwa pia mjumbe wa tume iliyolikagua tendo lake. Swali la 1997, kama mganga asimamiwe kabla au baada, lilikuwa limerudi mezani.