Samaki Wapandao Mito: Habari za Ningu na Jamaa Zake

Mgori, katika Mkoa wa Singida, ni nchi ya miti mikavu na mito ya majira. Tangu mvua zikomapo hata zirudipo karibu na mwisho wa mwaka, mtu aweza kuvuka makorongo mengi kwa viatu vikavu, asione ila mchanga, mawe na nyayo za ng'ombe waliopita kutafuta maji. Maji ya upande huu wa nchi hayaioni bahari. Magharibi ya mkoa, Mto Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na ziada ya Kitangiri hutoka kwa Mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi, na hapo safari hukoma, jua likainua maji na kuacha chumvi. Hata hivyo, katika nchi kavu kama hii kuna samaki mwenye kalenda yake. Kambale, ambaye hustahimili tope na huweza kuvuta hewa ya juu, huyangoja maji mapya, na mafuriko yanapofunika nyasi za kandokando hupanda usiku, akataga mayai katika majani yaliyozama, kisha akarudi vilindini kabla ya maji kumkimbia. Ajuaye siku za kupanda kwake hapati taabu ya kitoweo. Na ajuaye siku hizo akakosa kiasi, aweza kumaliza kizazi kizima kwa usiku mmoja. Jambo hili ndilo nitakalolifuata katika makala haya, kwa kuwa historia ya samaki wasafiri ni historia ya watu wanaosimama njiani mwao.

Katika ulimwengu, samaki atajwaye mno kwa safari ya namna hii ni samoni, na Uskoti ni miongoni mwa nchi zilizomtukuza kuliko nyingine. Huzaliwa katika changarawe za vijito vya milimani, hukaa huko miaka michache, kisha hushuka akanenepa katika maji baridi ya Atlantiki ya kaskazini, na baada ya mwaka mmoja au zaidi hurudi, aghalabu katika mto ule ule alimozaliwa, asile chakula tangu aingiapo maji matamu hata atagapo mayai yake mwishoni mwa mwaka. Kwa kuwa kuja kwake kwajulikana, uvuvi wake nao umewekewa mipaka ya tarehe. Mto Tay hufunguliwa tarehe 15 Januari na kufungwa tarehe 15 Oktoba. Mto Tweed hufunguliwa tarehe 1 Februari na kufungwa tarehe 30 Novemba. Mwanzo wa msimu mvuvi husimama ndani ya maji ya theluji akiwatafuta samoni wa kwanza, wachache lakini wazito. Wakati wa joto huja wadogo waliokaa baharini majira ya baridi moja tu. Na majani ya miti yanapoanza kupukutika huingia makundi ya mwisho, majike wakiwa wamejaa mayai. Ilikuwa katika siku hizo za mwisho, tarehe 7 Oktoba 1922, ambapo binti mmoja aitwaye Georgina Ballantine alimvua katika Mto Tay samoni wa ratili 64, na hata leo hajapatikana Uingereza samoni mkubwa kuliko huyo aliyevuliwa kwa ndoana.

Sharia za mito hiyo ni za zamani mno. Mwaka 1318, katika enzi ya Mfalme Robert wa Kwanza, ilikatazwa kujenga katika mito nyuzio zizuiazo samaki kupanda na kushuka. Na mpaka sasa siku ya Jumapili samoni havuliwi Uskoti, ili apate angalau siku moja katika juma ya kupita kwa amani. Sharia hizo hazikutosha kumlinda na kila dhara, maana tangu miaka ya 1970 warudio kutoka baharini wamepungua sana, hata ikabidi kuamriwa kwamba samoni yeyote anayevuliwa kabla ya tarehe 1 Aprili arudishwe majini akiwa hai. Lakini ziliweka msingi wa insafu ambao ni haba kuupata katika habari za uvuvi wa mito yetu: kwamba mtu wa chini ya mto hana haki ya kumkatia riziki mtu wa juu, wala wa leo kumkatia wa kesho.

Na msomaji asidhani kuwa tamasha la samaki kurukaruka katika maporomoko ni la Ulaya peke yake. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali Mto Naili utokapo katika Ziwa Viktoria, akayapa maporomoko aliyoyaona jina la Ripon, ingawa wenyeji walikuwa wakiyaita kwa jina lao tangu dahari. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika katika habari za safari yake ni kwamba aliona maelfu ya samaki wakiruka kwa nguvu zao zote dhidi ya maji, na wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wakitoka kwa mitumbwi, wakajipanga juu ya majabali na ufito na ndoana mikononi. Kuyu, ambao Waganda huwaita kisinja, walikuwa mabingwa wa maporomoko hayo. Ni samaki wa magamba makubwa, wenye mwili wa misuli uliofanyizwa kwa ajili ya maji ya kasi. Leo hakuna awezaye kwenda kuyatazama. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyainua maji yakayafunika majabali yale yote, na mahali wavuvi waliposimama pakawa chini ya maji tulivu. Nchi ilihitaji umeme, wala sibishani na hilo. Ila nasikitika kwamba katika kuandika faida na hasara za kazi ile kubwa, njia ya samaki haikupata mtetezi.

Hata hivyo aliye ndugu wa samoni kwa tabia, kuliko kuyu na kuliko kambale, ni ningu. Mtaalamu Boulenger wa London alimwandika katika daftari za elimu mwaka 1901, mwaka ule ule reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, lakini watu wa mito iingiayo Ziwa Viktoria walikuwa wamemjua na kumla kwa vizazi visivyohesabika. Ni samaki wa kadiri, rangi ya kijivu yenye kijani, na midomo yake minene imeelekea chini, kwa kuwa chakula chake ni uoto laini aukwanguao juu ya mawe na matope. Aushi yake huigawa sehemu mbili: ziwani hula na kunenepa, na mtoni huzaa. Mvua za masika zinapoijaza mito, na tena zile za vuli, maji mekundu yakaenea ziwani, ningu hukusanyika midomoni mwa mito kwa makundi, wakapanda, wakatafuta nyanda zilizofurika, wakataga humo katika nyasi; kisha wakubwa hurudi, na wadogo hufuata baadaye maji yanapopungua. Nzoia, Yala, Sondu-Miriu na Kuja upande wa Kenya, Mara na Simiyu upande wa Tanzania, na Kagera iliyo mama wa mito hiyo, yote ilikuwa na misimu yake ya ningu, na pamoja naye walisafiri gogogo, domodomo, nembe na kambale, kila mmoja kwa siku zake na kwa masafa yake. Mwaka 1959 P. J. P. Whitehead, aliyefanya kazi ya samaki huko Kisumu, alichapisha maelezo ya safari hizo, na asomaye maelezo yake huona dhahiri jinsi zilivyopangika.

Uvuvi wa ningu ulikuwa kazi ya jamaa nzima. Kabla ya mvua watu walikata fito na matete, wakasuka migono, wakajenga nyuzio kutoka ukingo hadi ukingo, na katika nafasi zilizoachwa wakaitega migono yao, mingine ikiwaelekea wapandao na mingine washukao. Wanawake nao walishuka na vikapu katika maji ya kina kifupi, nyandani, ambako samaki huonekana mgongo. Mahali pa kujengea uzio hapakuwa pa kila mpita njia, kwa kuwa watu wa ukingoni walijuana, na aliyejenga alijua nani yuko juu yake na nani yuko chini. Ningu alipasuliwa, akakaushwa juani au juu ya moshi wa kuni, na jike mwenye mayai alithaminiwa kuliko wote. Miiba yake ni mingi na myembamba, jambo ambalo halikumpunguzia sifa hata kidogo, kwani mafuta yake na ladha yake vilimlipa mlaji subira yake.

Yuko awezaye kuuliza: je, nyuzio zile hazikuwa ndizo zilizomwangamiza? Kwa maoni yangu jibu ni la. Uzio wa fito una hakimu wake, nayo ni gharika. Mto unapofura sawasawa huupita juu uzio au huuvunja na kuuchukua, na samaki hupata njia katika saa zile zile zifaazo zaidi kwa kutaga. Kisha maji yanapotulia watu hujenga tena. Kwa hiyo mto wenyewe ulikuwa ukifunga msimu na kuufungua, hata pale ambapo mwanadamu asingependa kungoja. Zana iliyokuja baadaye haikuwa na hakimu wa namna hiyo.

Mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa kitani ziliingizwa katika ghuba ya Kisumu, na kwa kuwa reli ilikuwa tayari kuchukua samaki mpaka mijini, biashara ilikua upesi. Ngege ndiye aliyetafutwa kwanza, akapungua haraka, hata serikali za nchi tatu zikamleta Michael Graham, ambaye alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928 na kushauri kwamba wavu usiwe na macho yapunguayo inchi tano. Ushauri huo ulimhusu ngege, lakini ningu naye alinufaika, kwa kuwa mwili wake mwembamba ulipita katika macho mapana. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yaligeuka. Nyavu za nailoni, nyepesi, zisizooza, zilienea katika miaka ya 1950. Kizuizi cha inchi tano kiliondolewa Uganda na Tanganyika mwaka 1956 na Kenya mwaka 1961. Na wavuvi, walipoona ngege hawatoshi, walichukua nyavu za macho madogo wakazitega midomoni mwa mito katika majuma yale yale ambayo majike waliojaa mayai walikuwa wakikusanyika kupanda. Sikuona katika historia ya ziwa lile kosa lililo baya kuliko hilo. Kumvua ningu mdomoni mwa mto wakati wa masika ni kumvua yeye, watoto wake na mavuno ya miaka ijayo kwa mkono mmoja, na kuwaacha watu wa juu wakijenga nyuzio katika mto usio na samaki. Kufikia mwaka 1965 wataalamu walikuwa wakiandika juu ya kuanguka kwa uvuvi wa ningu kama jambo lililokwisha kutimia, na sangara, ambaye wengi humtupia lawama zote, alikuwa bado hajaenea. Kuenea kwake kukubwa kulikuja katika miaka ya 1980.

Katika mwaka huo huo wa 1905 lilitendeka jambo jingine ambalo sipendi lisahauliwe. Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti, samaki wa ukoo wa samoni, kutoka ziwa la Loch Leven huko Uskoti, akawapandikiza katika Mto Gura ulio katika milima ya Aberdare. Mgeni huyo alistawi, na pamoja naye zilikuja desturi za kwao: leseni ya kuvulia, kipimo cha chini cha samaki, idadi isiyopitwa na namna ya ndoana iliyoruhusiwa. Ningu, aliyewalisha watu wengi mno kuliko trauti, hakupata hata siku moja ya kupumzika mdomoni mwa mto wake. Simwonei trauti wivu kwa ulinzi wake. Nasema tu kwamba maarifa ya kumlinda samaki msafiri yalikuwapo katika nchi hizi tangu zama hizo, yakatumika kwa ajili ya burudani ya wachache, yasitumike kwa ajili ya chakula cha wengi.

Nimeanza na Mgori, na ipo sababu nyingine zaidi ya kambale. Msitu wa Mgori, wa hekta zipatazo 40,000, ulikuwa ukikatwa na kuchomwa pasipo mwenyewe, mpaka katika miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyopakana nao vilipokabidhiwa kuulinda, vikaugawana kwa mipaka, vikaweka doria za vijana wao na kutunga kanuni zao. Na msitu ukaanza kurudi. Watu waliochunga miti waweza kuchunga mto. Vivyo hivyo mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaane, na nchi zilizolizunguka zikakubaliana juu ya jambo hilo. Basi hoja kwamba wavuvi wetu hawawezi kungoja haina nguvu tena.

Ningu hajatoweka. Yumo bado katika Kagera, katika Mara, na katika mito kadhaa ya Kenya, mchache na mdogo kuliko zamani. Nawasihi wenye mamlaka ya uvuvi katika nchi za Ziwa Viktoria, pamoja na halmashauri za vijiji vilivyo midomoni mwa mito hiyo, wakataze nyavu zote katika midomo hiyo katika majuma ya kwanza ya mafuriko, masika na vuli, na ulinzi wake uwe mikononi mwa watu wa kingo zenyewe, wa juu na wa chini wakiketi katika baraza moja.